Nimesikia Amani Moyoni: Je, Inatosha?

Maandiko ya kusoma nyumbani: Yona 1, Marko 4:35–41, 1 Wafalme 13, Matendo 17:10–12, 1 Wathesalonike 5:19–21



Kuna neno moja tunalolitumia sana hapa kanisani, na wiki hii ningependa tulipime pamoja. Ni lile la kusema, "Nimeomba, na nimesikia amani moyoni." Dada anaulizwa mbona anaharakisha kuolewa na mtu ambaye hata jamaa zake hajawaona, anajibu hivyo. Ndugu anatoa akiba yote ya miaka minne anampatia mtu aliyejuana naye wiki mbili zilizopita, anajibu hivyo. Mwingine ameacha dawa za presha, ukimuuliza, jibu ni lile lile. Na ukishaambiwa hivyo unanyamaza. Nani atabishana na amani ya Mungu?

Swali langu ni hili: kuhisi amani ni ushahidi kwamba uko sawa? Sina shaka kwamba Mungu hutoa amani. Hutoa, na wengi wetu tungekuwa tumeanguka zamani kama asingetoa. Ninachouliza ni kama ile hali ya kutulia moyoni, ikiwa peke yake, inaweza kukuambia njia yako imenyooka. Ili tujibu vizuri, wacha tuangalie juu kidogo.

NDEGE ZA JUU YA MABATI YETU

Sisi watu wa Kianda hatuhitaji kuelezwa ndege ni nini. Uwanja wa Wilson ni jirani yetu. Uwanja ule ulianza mwaka wa 1929, wakati mama mmoja anayeitwa Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni yake ya ndege, na mwaka wa 1962 ukapewa jina lake. Leo hapo Wilson kuna shule za urubani, kwa hivyo baadhi ya zile ndege ndogo unazosikia zikizunguka ukianika nguo zina mwanafunzi ndani, na mwalimu ameketi kando yake.

Mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuruka akiona. Anaona Milima ya Ngong, anaona barabara ya Lang'ata, anaona pale mbali mbingu inapokutana na ardhi, na kwa hiyo anajua ndege yake imenyooka au imelala upande. Akipasi, leseni ya kwanza inamruhusu kuruka wakati hewa ni safi. Lakini mnajua asubuhi za Julai hapa Nairobi, mawingu yanavyoshuka hadi huoni mwisho wa mtaa. Akitaka kuingia kwenye mawingu kama hayo, leseni ya kwanza haitoshi. Anahitaji kitu kingine juu yake, idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuendesha ndege bila kuona nje, ukitegemea vipimo vilivyo mbele yako peke yake.

Idhini hiyo haipatikani rahisi. Viwango vya kimataifa vinataka rubani awe na saa 50 za safari za kutoka mahali hadi mahali akiwa ndiye msimamizi wa ndege, na saa 40 za kuruka kwa vyombo, ingawa sehemu ya hizo anaweza kuzifanya kwenye mashine ya mazoezi iliyo chini. Kuna mtihani wa kuandika: sheria za anga, hali ya hewa, jinsi ya kupanga safari, hata jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi. Halafu kuna siku ya mtihani wa angani. Mtahini anaketi kando yake, mwanafunzi anavalishwa kitu kama kofia yenye ukingo mrefu unaomzuia kuona nje, na anaambiwa, haya, endesha.

Sasa jiulize. Vipimo vya msingi kwenye ndege ndogo ni sita: cha mwendo, cha urefu kutoka usawa wa bahari, cha kupanda na kushuka, cha kukata kona, cha mwelekeo, na kile kinachoonyesha kama mabawa yamekaa sawa na ardhi. Mtoto wa darasa la nne mwenye akili unaweza kumfundisha kuvisoma asubuhi moja. Mbona basi saa 40?

Ni kwa sababu kusoma vipimo si kazi. Kazi ni kuamini kile umesoma wakati mwili wako wote unakataa.

SIKIO HALIJUI NJIA

Ndani ya sikio Mungu ameweka mirija mitatu midogo yenye maji. Ukigeuza kichwa, maji yanabaki nyuma kidogo, na kutokana na hayo ubongo unajua umegeuka. Ni kazi ya ajabu. Ndiyo inakuwezesha kupita kwa ubao mmoja juu ya mtaro usiku bila kuanguka.

Lakini ina mpaka wake. Sikio linajua mabadiliko tu. Ukianza kugeuka, linakuambia. Ukiendelea kugeuka kwa mwendo ule ule, maji yale yanafikia mwendo wako, na sikio linanyamaza. Na ukigeuka pole pole sana, halikuambii chochote tangu mwanzo. Watoto wetu wanalijua hili bila kusoma. Mtoto anajizungusha pale nje, akisimama, anaona dunia yote inazunguka upande wa pili, anaanguka akicheka. Wakati anazunguka alikuwa ameshazoea. Kilichomsumbua ni kusimama.

Sasa mweke rubani ndani ya wingu. Ndege inaanza kulala upande wa kulia, kidogo kidogo. Hasikii kitu. Ametulia kabisa. Ghafla anatazama kipimo, anaona mabawa yamelala, anainyoosha ndege. Na hapo ndipo sikio linapoamka na kupiga kelele: unaanguka kushoto! Ndege imenyooka, lakini yeye anahisi imelala. Kama hajafunzwa, atairudisha pale ilipokuwa, pale palipokuwa na amani, na kutoka hapo itashuka ikizunguka hadi chini.

Mwaka wa 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua marubani 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa vyombo, wakawazuia kuona nje huku mwalimu akiwa karibu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu. Wimbo mmoja wa sifa hapa kwetu ni mrefu kuliko hapo.

Hawa hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa anafanya kile alichohisi ni sawa, kwa moyo safi kabisa. Moyo wao safi haukuinyoosha ndege.

Nikirudi kwa swali letu, nafikiri mmeshaanza kuona. Mara nyingi ile tunayoiita amani ni sikio lililonyamaza. Haimaanishi "uko sawa." Inamaanisha "umezoea." Mtu akianza kuiba kidogo kazini, wiki ya kwanza halali. Mwezi wa sita analala vizuri tu. Hakuna kilichobadilika isipokuwa yeye ameacha kuhisi kona. Na kinyume chake pia ni kweli. Dada anayeondoka kwa uhusiano ambao unamharibu atalia usiku, atahisi kama anaanguka. Kaka anayeacha pombe atatetemeka. Yule anayerudisha pesa za watu atahisi amefanya ujinga. Ule uchungu si sauti ya Mungu ikisema rudi. Ni sikio linalolalamika kwa sababu ndege imenyooka.

Biblia inatupa watu wawili waliolala ndani ya chombo wakati wa dhoruba. Yona alilala usingizi mzito chini ya merikebu, huku akimkimbia Mungu. Bwana Yesu alilala kwenye mto nyuma ya mashua, akiwa katika mapenzi ya Baba. Ukiwachungulia wakiwa wamelala, huwezi kujua nani ni nani. Usingizi ni ule ule. Na usiku wa Gethsemane, yule yule Yesu hakuwa na utulivu wowote; alihuzunika hadi akatoka jasho, na alikuwa sawa kabisa. Kama amani ya kuhisi ndiyo kipimo, Yona alikuwa sawa na Gethsemane ilikuwa makosa.

USIKU WA DOUALA

Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737 iliondoka Douala, Cameroon, ikija nyumbani Nairobi. Kulikuwa na dhoruba na giza totoro, hakuna taa za kuonekana nje. Chini ya dakika mbili baadaye ilianguka kwenye kinamasi. Watu wote 114 walikufa. Kuna familia katika jiji hili ambazo bado zinaomboleza, na siandiki haya kuwahukumu marehemu. Nayaandika kwa sababu uchunguzi ulifanywa ili walio hai wajifunze.

Ripoti ilisema rubani alipotelewa na hisia za mwelekeo. Ndege ilikuwa inalala kulia pole pole, mwendo ambao sikio halishiki. Mtambo wa kujiendesha ulidhaniwa umewashwa, lakini haukuwa umewashwa. Kwa muda hakuna aliyevitazama vipimo vile. Onyo lilipolia, mikono ilihangaika, na ule mlalo ukazidi. Na ndege haikuwa na kasoro ya kuiangusha.

Fikiria hilo. Vipimo vilikuwepo, vilikuwa vinawaka, vilikuwa vinasema ukweli. Ila hakuna aliyekuwa anaviuliza.

Ni wangapi kati yetu Biblia iko kwa simu, mzee wa kanisa yuko mlango wa tatu, mama mzazi yuko hai na namba yake tunayo, na bado tunafanya uamuzi mkubwa wa maisha bila kuuliza yeyote kati ya hao, kwa sababu tunahisi tumetulia?

LAKINI VIPIMO NAVYO SI VINADANGANYA?

Hapa kuna mtu atasema, na ana haki: pastor, unatuambia tusiamini mioyo yetu, tuamini vipimo. Kipimo kikidanganya je?

Hilo nalo limetokea. Tarehe 30 Januari 2000, usiku, ndege nyingine ya Kenya Airways, Airbus A310, iliondoka Abidjan, Kodivaa, ikielekea baharini. Ilikuwa na watu 179. Mara tu magurudumu yalipotoka ardhini, onyo likalia kwamba ndege inakosa nguvu ya kukaa hewani. Marubani wamefundishwa nini onyo hilo likilia? Sukuma pua chini. Ikasukumwa chini. Lakini uchunguzi ulisema ndege haikuwa katika hali hiyo hata kidogo. Onyo lile halikuwa la kweli. Ndege iliyokuwa inapaa vizuri iliingia baharini, na watu 169 wakafa. Waliookoka ni 10.

Tazameni vile hizi ajali mbili zimesimama. Douala vyombo vilisema ukweli na havikutazamwa. Abidjan sauti moja ilisema uongo, ikatiiwa kabla nyingine kuulizwa. Kwa hivyo dawa ya kutoamini hisia zako si kumeza kila sauti inayopiga kelele kwa nguvu.

Someni 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa amepewa agizo wazi: asile, asinywe mahali pale, na asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme alimwalika nyumbani kwake, akakataa kabisa. Halafu akaja nabii mmoja mzee wa Betheli, akamwambia malaika amesema naye, rudi ule. Lilikuwa ni uongo. Mtu yule akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Alikuwa na nguvu ya kumkatalia mfalme. Hakuwa na nguvu ya kumkatalia mtumishi mwenzake aliyesema "Mungu ameniambia." Hakusimama hata dakika moja alinganishe neno lile jipya na lile alilokuwa nalo tayari.

Wakenya tunajua mfano wa hili bila kwenda mbali. Mwaka wa 2007 miradi ya piramidi ilipoanguka, DECI ikiwa mojawapo, wengi waliopoteza akiba walikuwa watu wa kanisa. Waliingia kwa sababu lugha iliyotumika ilikuwa lugha yetu, kupanda na kuvuna, na waliowaalika walikuwa watu wa kuaminika. Na mwaka wa 2023 tukaona Shakahola, kule Kilifi, ambapo zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Kesi iko mahakamani, hiyo tuiache kwa mahakama. Lakini tuseme tu ukweli: watu hawaendi kufa na njaa msituni na watoto wao kwa sababu hawana imani. Wengi walikuwa na imani nyingi. Walikuwa wanasikia onyo moja tu.

KILE MTAHINI ANATAFUTA

Turudi kwa yule mwanafunzi wetu na kofia yake. Nataka mjue mambo matatu ambayo mtahini anampima, kwa sababu yanatuhusu.

La kwanza, anafunika vipimo vingine. Anabandika karatasi juu ya kile kinachoonyesha mabawa, kana kwamba kimeharibika, halafu anaangalia kama mwanafunzi atajua ukweli kutoka kwa vilivyobaki. Inawezekana, kwa sababu vipimo vile havitegemei chanzo kimoja. Vingine vinatumia gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi. Vingine vinapima hewa ya nje. Dira inatumia sumaku. Kimoja kikisema tunageuka, na vingine vyenye chanzo tofauti vikisema tumenyooka, rubani anajua nani ni mwongo.

Mimi nilisomea biashara, na mtu wa hesabu anafundishwa jambo hilo hilo. Huwezi kukagua daftari lako kwa kutumia daftari lako. Unalinganisha na karatasi ya benki, ambayo imeandikwa na mtu mwingine asiyejua wewe umeandika nini. Zikipishana, unatafuta kosa kabla hujatumia shilingi nyingine.

Sasa angalia washauri wako. Unasema umeuliza watu watatu kuhusu hiyo biashara na wote wamekubali. Hao watatu wako wapi? Kama wote wako kwenye kile kikundi kimoja cha WhatsApp, na wote walisikia kwa mtu mmoja, hujauliza watatu. Umeuliza mmoja mara tatu. Tafuta mtu ambaye hafaidiki ukikubali. Muulize mtu asiyempenda huyo mchumba wako. Uliza daktari, hata kama mimi nimekuombea. Ndiyo, hata mimi. Mchungaji ni kipimo kimoja kwenye dashibodi yako. Nikisema jambo ambalo Neno halisemi, na wazee hawalikubali, na matunda yake ni machungu, nifunike karatasi uendelee na safari. Watu wa Beroya walisikiliza Paulo mwenyewe kwa furaha, kisha wakaenda kila siku kuchunguza Maandiko kama ni kweli. Luka hakuwaita waasi. Aliwasifu.

La pili, mtahini anamwambia mwanafunzi afumbe macho. Anaichukua ndege, anaipinda huku na kule mpaka masikio ya mwanafunzi yamechanganyikiwa kabisa, anaiacha ikiwa imelala vibaya, halafu anasema, fungua, ni yako. Anachokitazama hapo ni kama mikono itakimbia kabla macho hayajasoma. Mwanafunzi mzuri anatazama kwanza. Ni nukta chache tu, lakini zinampa ukweli.

Wapendwa, maamuzi mengi yanayotuumiza tunayafanya pale tumetoka kupindwa. Umefutwa kazi Ijumaa, Jumamosi unachukua mkopo wa simu. Umeachwa mwezi wa tatu, mwezi wa nne umeposwa. Usiseme wakati huo, "nimesikia amani." Umetoka tu kuzungushwa, na kitu chochote kikisimama kitaonekana ni amani. Tazama kwanza. Kaa na watu wako, soma Neno, lala usingizi usiku mbili tatu.

La tatu, kuna urefu wa kuamua. Rubani anaposhuka kwenye mawingu akifuata mawimbi ya redio ya uwanja, kwa njia ya kutua ya kawaida, kuna mahali karibu futi 200 kutoka ardhini ambapo lazima awe ameuona uwanja au taa zake. Asipoona, anapaa. Habishani. Abiria wakinung'unika, mafuta yakiwa ghali, mkubwa wake akiwa anangoja, anapaa, anajaribu tena au anaenda uwanja mwingine. Na uamuzi huo haufanyi akiwa futi 200. Aliufanya kabla hajaanza kushuka, akili ikiwa imetulia. Mtahini hamkosoi kwa kupaa. Anamfelisha akiendelea kushuka bila kuona.

Wewe urefu wako wa kuamua ni upi? Kabla hujaenda kuonyeshwa ile ploti, andika: nisipoona hati ya shamba, na nisiposhuhudiwa na ofisi ya ardhi, sitoi hata shilingi. Mwambie mtu mmoja. Halafu ukifika pale, muuzaji akisema wengine watatu wanaitaka leo, moyo wako ukipata amani ya ghafla, utakumbuka ulikubaliana na Mungu na wewe mwenyewe wakati ulikuwa na akili timamu.

HATUZIMI ROHO?

Najua swali la mwisho, kwa sababu sisi ni Wapentekoste na tunamwamini Roho Mtakatifu anayesema leo. Mtu atauliza kama kupima pima huku si kumzimisha Roho.

Paulo alijibu hilo kwa Wathesalonike. Aliwaambia wasimzimishe Roho, wasidharau unabii, na papo hapo, bila hata kuvuta pumzi, akawaambia wapime kila kitu na kushika kilicho chema. Kwake hayo hayakuwa mambo mawili yanayopigana. Anayepima ndiye anayeheshimu sauti ya Roho, kwa sababu hataki kuichanganya na sauti ya tumbo lake. Mtu asiyejali pesa bandia ndiye hakagui noti.

Na ile amani ambayo Paulo anawaandikia Wafilipi, ipitayo akili zetu, tazama kazi aliyoipa. Anasema italinda mioyo. Ni askari wa geti. Askari wa geti ni mtu muhimu sana. Bila yeye huwezi kulala. Lakini ukitaka kujua barabara ya kwenda Mombasa, humuulizi askari kama ametulia. Unaangalia alama za barabara. Amani inakulinda ukiwa njiani. Njia unaijua kwa Neno, kwa watu wa Mungu wenye vyanzo tofauti, kwa hekima ya wenye ujuzi, na kwa matunda.

Wala hatusemi hisia ni mbaya. Sikio aliliumba Mungu, na ukitembea chini huku macho yako wazi linakufaa vizuri. Kosa ni kulipatia usukani ndani ya wingu. Rubani hazimi sikio lake, hawezi. Analisikia likilalamika, anajua ni nini, na mikono yake inafuata vipimo.

Jambo moja zaidi. Idhini ile haikai milele. Rubani anarudi kupimwa kila baada ya muda, hata kama ana nywele nyeupe, kwa sababu ustadi huu unashika kutu usipotumika. Kwa hivyo usituletee ushuhuda wa jinsi ulivyomsikia Mungu miaka kumi iliyopita ukitaka tusikuulize kuhusu mwaka huu. Sisi wahudumu pia, na sisi kwanza, tukubali kuulizwa.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI WIKI HII

1. Taja uamuzi mmoja ulio mbele yako sasa. Ni nani unayeweza kumuuliza ambaye hafaidiki kwa jibu lolote utakalochagua?

2. Je, kuna jambo maishani mwako ambalo zamani lilikusumbua na siku hizi halikusumbui? Umepona, au umezoea?

3. Andika urefu wako wa kuamua katika jambo la pesa, la ndoa au la afya. Msomee mtu mmoja kwenye ushirika, umruhusu akuulize baada ya mwezi.

Tuombe: Baba, asante kwa amani yako. Tusaidie tusiifanye kisingizio cha kutouliza. Pale tulipolala upande bila kujua, tutume mtu wa kutuambia, na utupe unyenyekevu wa kunyoosha hata kama inauma. Wakumbuke wanaoomboleza. Wakumbuke marubani na wanafunzi wao wanaopita juu ya nyumba zetu, uwafikishe salama. Kwa jina la Yesu. Amina.